Barua Tatu za Faili la Malaba

Vijana wa bodaboda wa Nkoma, pale Mbale, wana utani wao. Ukiwaambia wakupeleke kwa Hajati Twaibah, watakuuliza kama umekwisha kuandika barua ya kuomba nafasi. Mwenyewe anaujua utani huo na haumkeri. Alifanya kazi masjala ya ofisi ya wilaya kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna karatasi iliyopotea mkononi mwake. Wakubwa walihamishwa, makabati yalibadilishwa, paa lilivuja mara mbili. Ulipotaka barua ya mwaka wowote, Hajati alifumba macho kidogo, akataja kabati, rafu na namba ya faili, kisha akaenda kuileta kwa mwendo wake uleule wa taratibu.

Alipostaafu, kazi ilimfuata nyumbani. Aliolewa katika nyumba ya Hajji Wahab, na nyumba hiyo ina mambo mengi. Marehemu Hajji Wahab ndiye aliyeanzisha shule ya msingi kule Jinja, wakati majirani zake wengi walikuwa bado wanasita kuwapeleka mabinti darasani. Mwanawe mkubwa, Siraj, mume wa Twaibah, alikuwa na malori ya kubeba mizigo kutoka mpakani Malaba hadi Mbale na Jinja. Mdogo wake Siraj, Nasuru, ndiye anayeongoza shule hadi leo. Wajukuu wametawanyika, mmoja Leicester, wawili Dubai, wengine Kampala, na kila mmoja anataka habari.

Habari zote hizo hupita mezani kwa Hajati. Sebuleni, chini ya kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, ipo kompyuta. Ndani yake ipo programu moja ya barua pepe, na ndani ya programu hiyo zimepangwa anwani tano, moja chini ya nyingine, upande wa kushoto wa kioo. Ya kwanza ni yake mwenyewe. Ya pili ni ya ukoo. Ya tatu ni ya umoja wa akina mama wa msikitini, ambao yeye ni katibu wao. Ya nne ni ile ya malori. Ya tano aliiongeza Januari mwaka huu: anwani ya shule ya Jinja. Nasuru alikuwa anakwenda Umra na hakutaka barua za wazazi zikae bila majibu. Aliporudi alimwambia, "Shemeji, endelea tu kuniangalizia. Mimi nasomea kwenye simu, wewe unasomea huko. Macho manne hayapitwi na kitu."

Barua za anwani hizo hukaa mbali, kwenye mashine za watu ambao Hajati hajui hata wako nchi gani, na jambo hilo halikumpendeza tangu mwanzo. Barua ya nyumba, alisema, ilale ndani ya nyumba. Kwa hiyo, tangu enzi za malori, chini ya orodha ya anwani alitengeneza mafaili yaliyo humohumo kwenye kompyuta yake, yasiyotegemea mtandao wala neno la siri la mtu, na kila moja akalipa namba kama za masjala. Tena akaiwekea programu sheria, kwamba barua ya aina fulani ikiingia ihamishwe yenyewe kwenda faili fulani. Mikutano ya ukoo, faili namba mbili. Misiba na sadaka za msikitini, faili namba nne. Na barua yoyote inayotoka anwani ya Kenya, ile inayomalizikia kwa herufi za nchi hiyo, iende faili namba saba, Malaba. Siku za malori faili hilo lilikuwa moyo wa kazi. Siraj alikuwa akisimama nyuma ya kiti chake asubuhi, kikombe mkononi, na kuuliza, "Malaba kuna nini leo?" naye akamsomea.

Siraj alifariki miaka miwili iliyopita, na malori yakauzwa. Hajati alilifunga faili la Malaba kwa utaratibu wa masjala: akaliingiza ndani ya folda kubwa aliyoiita YAMEFUNGWA, akaikunja, asiifungue tena. Faili lililofungwa haliongezwi karatasi. Hilo ni jambo ambalo karani wa masjala hufundishwa siku ya kwanza kazini.

Jumatano moja ya mwezi wa Mei alikwenda sokoni kutafuta beseni. Alipita kwa Obura, Mkenya anayeuza vyombo vya plastiki, ambaye zamani mizigo yake ilikuja kwa malori ya Siraj.

"Shikamoo, Hajati."

"Marahaba, bwana Obura. Nipe lile la bluu, na lisiwe kama la mwaka jana, lililopasuka kabla sijalizoea."

"Beseni langu halipasuki, mama. Ni vile nyinyi mnaosha na hasira." Akalishusha, akalifuta vumbi kwa kiganja, lakini hakumpa. "Lakini niwaulize kitu. Siku hizi nyumba ya Hajji Wahab hamziki watu?"

"Hatumziki nani?"

"Mke wa Otiende. Kwani hamjui? Amezikwa tangu Februari. Watu walijaa, hata wa Tororo walifika. Nyinyi hata salamu. Madereva huko barabarani wanasema, ah, si tajiri wao alikufa, basi na Otiende amekufa kwao."

Hajati alihisi uso ukimchoma. Otiende hakuwa mtu wa kupita tu. Aliendesha lori la kwanza la Siraj, na lori la mwisho, miaka kumi na minane. Siraj alipofia hospitalini Jinja, ni Otiende aliyeuleta mwili Mbale, mvua ikinyesha njia nzima, na baada ya maziko alilala kwenye mkeka uani pamoja na wafiwa siku tatu. Mtu wa namna hiyo afiwe na mkewe, halafu nyumba ya Hajji Wahab isionekane!

"Hatukuletewa habari," alisema.

"Waliandika, mama. Namba ya Siraj si ilizimwa? Christine, yule binti yake, akaandika kwa anwani ya shule yenu, ile iko kwenye kalenda za shule."

"Bwana Obura, barua za shule zinapita kwangu. Hiyo barua haipo."

"Sawa. Basi imeliwa na mbuzi."

Wanawake waliokuwa wakichagua ndoo walicheka. Hajati aliwatazama mpaka wakarudi kwenye ndoo zao. "Nitakuletea jibu," alimwambia Obura, "na utanyamaza." Akaondoka bila beseni.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Alifungua anwani ya shule akatafuta jina la Otiende, akatafuta Christine, akaingia hata mahali pa barua taka. Hakuna. Moyo ukaanza kutulia. Akampigia Nasuru.

"Nasuru, tazama simu yako. Barua yoyote ya Christine, binti wa Otiende, tangu Februari."

Nasuru alikawia, kisha akarudi. "Hakuna, shemeji. Nimepekua hadi chini. Kuna nini?"

Akamweleza.

"Banange, mama Christine! Innalillahi. Lakini barua hakuna. Kuna siku simu ililia kama kuna kitu kimeingia, nikatafuta miwani, nikavaa, natazama, hamna. Nikasema ni uzee."

"Ililia lini?"

"Sasa hilo nani anakumbuka? Mara mbili au tatu. Shemeji, kama hakuna, hakuna. Obura ametunga. Mwambie hivyo mbele ya hao hao waliocheka."

Hajati alikata simu akiwa ameridhika, akasimama aende kuvua viatu, lakini maneno ya Nasuru yakamrudisha kitini. Simu ililia. Kitu kiliingia, kisha hakikuwepo. Masjala, karatasi ikionekana mlangoni na isionekane kwenye faili, kuna mtu aliyeibeba, na wenye ufunguo wa mlango ule walikuwa wawili tu. Safari hii hakutafuta ndani ya anwani ya shule. Aliiambia programu itafute jina la Christine katika kompyuta nzima.

Zikatokea barua tatu. Zote ziliandikwa kwa wino mzito, maana yake hazijasomwa. Pembeni ya kila moja palionyeshwa mahali ilipo: YAMEFUNGWA, namba saba, Malaba.

Akaikunjua folda. Zilikuwa humo, katikati ya matangazo ya wauza vitabu wa Nairobi waliokuwa wakiiandikia shule. Akaelewa yote kwa mara moja, jinsi mtu anavyoelewa kuwa ameacha mlango wazi. Januari, alipoiongeza anwani ya shule, alinakili sheria zake zote na kuipa na hiyo, kwa sababu ofisi nzima hufuata utaratibu mmoja. Faili alilifunga, lakini sheria iliyokuwa ikilijaza hakuifunga. Christine anafanya kazi chuoni, na anwani ya chuo chake inamalizikia kwa herufi za Kenya. Kila alipoandika, barua ilifika Jinja, simu ya Nasuru ikalia, na kabla Nasuru hajaipata miwani yake, kompyuta ya Mbale ilikwisha kuivuta na kuitia kwenye faili lisilofunguliwa na mtu.

Barua ya kwanza ilikuwa ya Februari. Mama amefariki, maziko ni Jumamosi, Baba anaomba nyumba ya Hajji Wahab ijulishwe kwanza kabla ya wengine. Ya pili ilikuwa ya Machi: "Baba anauliza kama barua ilifika. Siku ya maziko alitenga viti viwili mbele na hakuruhusu mtu avikalie mpaka watu walipotawanyika." Ya tatu ya Aprili ilikuwa fupi. "Baba ameniambia nisiandike tena. Naandika bila yeye kujua. Kama tuliwakosea, tuambieni."

Hajati Twaibah aliweka mikono mapajani. Hakuna mtu aliyejua. Nasuru alikwisha kusema barua hakuna, na angeapa hivyo bila kusema uongo. Obura angenyamazishwa. Zilibaki barua tatu kwenye kompyuta moja, ndani ya chumba ambamo hapakuwa na mtu mwingine, na kuzifuta ni kazi ya kidole kimoja. Jina la Hajji Wahab lingebaki safi. Angebaki na doa yule binti wa chuoni, aliyedai ameandika.

Aliinuka, akatawadha, akaswali Alasiri. Aliporudi alizichapa zote tatu. Akatoa muhuri wake wa zamani wa mapokezi, ambao alikuwa hajawahi kuutumia nje ya kazi, akaugonga kwenye kila karatasi, na kwenye nafasi ya tarehe hakuandika Februari wala Machi wala Aprili. Aliandika tarehe ya siku ile. Kisha akampigia tena Nasuru.

"Barua zipo. Ziko kwangu. Nimezifungia mimi."

Nasuru alisikiliza maelezo yote, akapumua kwa nguvu. "Kale, haya. Basi tutakwenda kuwapa pole, tutasema mtandao ulisumbua."

"Mtandao haukusumbua."

"Shemeji, mtandao unalaumiwa kila siku na haujawahi kumshtaki mtu. Nani ataumia?"

"Christine. Baba yake atadhani hakuandika vizuri, au aliandika penginepo."

"Na wewe je? Wewe ndiye tunayekutaja kila mahali. Ukitaka kujua utaratibu, nenda kwa Hajati. Mimi nimewaambia walimu wangu hivyo hata juzi. Sasa usimame mbele ya watu, mbele ya Wakenya, useme umepoteza barua ya msiba?"

"Sikuipoteza. Niliiweka vibaya. Na baba yako alikuwa akisema nini mtu alipokuja na uongo mzuri?"

Nasuru akacheka kidogo, bila furaha. "Alikuwa anamwambia aurudishe alikoutoa."

"Basi."

Kabla ya kuandika chochote aliifuta ile sheria, kwenye anwani zote tano, la sivyo jibu lingekwenda kuzikwa palepale. Kisha akafungua barua mpya. Juu kabisa programu ilimtaka achague inatoka kwa nani, na anwani zake tano zikajipanga zikisubiri. Angeweza kutumia ya kwake, jambo likaonekana ni la mwanamke mmoja na kosa lake. Alichagua ya shule, kwa sababu barua ilitumwa kwa nyumba, na ni nyumba iliyonyamaza. Chini akaweka jina lake, si la Nasuru.

"Christine binti yangu," aliandika, "barua zako zote tatu zilifika siku ulizozituma. Hamkutukosea. Ni mimi niliyeziweka mahali ambapo hapakufunguliwa, na nimeziona leo. Mwambie Baba tunaomba ruhusa ya kuja."

Jibu lilikuja asubuhi, likabaki mbele ya macho yake, halikuhamia popote. "Baba anasema njooni Jumamosi."

Nasuru aliondoka Jinja alfajiri akiwa amevaa kanzu, akampitia Hajati Nkoma, wakavuka Malaba na mchele, sukari na blanketi la kijivu. Kwa Otiende walikuta watu zaidi ya ishirini. Habari za ugeni zilikuwa zimetangulia. Otiende alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao mlangoni, amekonda, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Hakuinuka. Aliyewapokea ni dada yake, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto.

"Karibuni. Matanga yaliisha. Mmekuja kutuoshea sufuria?"

Mtu akakohoa ili asicheke. Nasuru akajipangusa jasho. "Mama, poleni sana, poleni. Unajua mambo haya ya mtandao…"

"Hapana, Nasuru," alisema Hajati.

Alibaki amesimama. Alitoa zile karatasi tatu mkobani, akampa Otiende mkononi, akageuka ili na waliokaa nyuma wasikie. Alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, kama mtu anayesoma kumbukumbu za mkutano.

"Mimi ni Twaibah, mke wa marehemu Siraj. Barua za msiba huu zilifika kwetu, zote. Christine aliandika vizuri na alituma mahali panapostahili. Mimi ndiye ninayetunza barua za nyumba yetu, na niliweka utaratibu ambao ulizificha. Hakuna aliyewadharau, lakini hakuna wa kumlaumu ila mimi. Nimekuja kulisema hili hapa, kwa sababu hapa ndipo tulipokosekana."

Christine, aliyekuwa amesimama karibu na ukuta, aliinama akajifuta macho kwa upindo wa leso. Otiende aliziangalia karatasi, moja baada ya nyingine, akaugusa ule muhuri kwa kidole gumba.

"Hajati, hii tarehe ni ya Jumatano hii."

"Ndiyo siku nilipozisoma."

"Ungesema hazikufika ningekuamini."

"Najua, bwana Otiende. Ndiyo maana sikuweza kusema."

Otiende alitikisa kichwa polepole, akazikunja karatasi na kuzitia mfuko wa shati. "Siraj alikuwa ananiambia njiani," alisema, bila kumtazama mtu. "Nikikosea hesabu ya magunia ananiambia, Otiende, kimbia ukaseme mwenyewe kabla mke wangu hajaiona kwenye karatasi. Nilikuwa nakuogopa wewe kuliko polisi wa mpakani." Safari hii watu walicheka wazi, na Nasuru akacheka kuliko wote.

Otiende akawapeleka nyuma ya nyumba. Udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kushikana na majani kuota pembezoni. Wanaume walivua kofia. Nasuru aliinua viganja akawaombea wafiwa subira, na wale waliosali kwa namna nyingine walisubiri mpaka amalize, kisha wakasema amina pamoja naye. Otiende aliinama kidogo upande wa kaburi. "Mama Christine," alisema, "wamefika."

Waliporudi mbele, jirani aliyechelewa alikuwa anaingia langoni, akauliza wale wageni waliovaa hivyo ni kina nani. Dada yake Otiende alimtazama kaka yake, amjibu yeye.

"Ni nyumba ya Hajji Wahab," Otiende alisema, kwa sauti ambayo Hajati alikuwa hajaisikia tangu enzi za malori. "Wa Jinja na Mbale. Watu wangu. Wanasema kweli hata ikiwachoma. Wewe dada, hiyo sufuria unayoitaja, iweke jikoni uwapikie chai."

Hajati Twaibah alinyoosha mtandio wake mabegani, akatangulia mbele ya Nasuru, akaingia ndani.